Neva ya vegasi: mshipa mmoja, moyo na tumbo

Kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho, asubuhi, joto limeshapanda na foleni haisogei. Abiria mmoja anatokwa jasho la baridi, anaona kiza, anaanguka. Wasamaria wema wanamshika makwapani kumsimamisha, mwingine anatafuta maji. Nia ni njema, ila kumsimamisha ndiko kunakomchelewesha kuzinduka.

Kuzirai kwa namna hii mara nyingi kunahusu neva (mshipa wa fahamu) ya vegasi, ya 10 katika jozi 12 za neva zitokazo kwenye ubongo. Hushuka shingoni kulia na kushoto, ikapeleka matawi kwenye moyo na mapafu, kisha hupenya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na umio hadi tumboni na sehemu kubwa ya utumbo.

Kwa moyo, neva hii ni breki. Moyo ukiachwa wenyewe hupiga kama mara 100 kwa dakika. Vegasi ndiyo huushusha hadi 60 au 80 tukiwa tumetulia. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliichochea vegasi ya moyo wa chura, akachukua majimaji yake na kuyatia kwenye moyo mwingine. Na huo ukapunguza mwendo! Kemikali iliyofanya kazi hiyo, asetilikolini, ilichangia kumpa yeye na mwanasayansi mwenzake Henry Dale Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Breki hiyo ikikaza ghafla, kwa kusimama sana juani, kuona damu, kuchomwa sindano au hata kujikamua chooni, mapigo hushuka, mishipa ya damu hutanuka, na kichwa hukosa damu ya kutosha. Kwa hiyo aliyezirai mlaze chali, inua miguu yake, legeza nguo. Mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Usimnyweshe kitu kabla hajazinduka vizuri. Aliyezirai katikati ya mazoezi, au aliyelalamika kifua kinauma, apelekwe hospitali bila kungoja.

Tumboni vegasi huchochea badala ya kupunguza. Harufu ya pilau tu inatosha: asidi huanza kumiminika kabla hujala tonge. Ukianza kula, hulegeza tumbo lipokee chakula, baadaye husaidia kukisukuma kwenda kwenye utumbo.

Hapa wagonjwa wa kisukari wasikilize. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huidhoofisha neva hii. Chakula hulala tumboni, mtu hushiba kwa matonge matatu, hutapika alichokula saa nyingi zilizopita. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakawa wateja wa kudumu wa duka la dawa. Anayejichoma insulini huweza kushuka sukari baada ya kula, kwa sababu dawa imefika na chakula bado. Na moyo wake huenda mbio hata akiwa amekaa tu. Ukiwa na dalili hizi, usimweleze daktari habari za tumbo peke yake. Mtajie na mapigo ya moyo, na umwonyeshe daftari lako la vipimo vya sukari.