Kirusi cha HPV kinavyovuruga mawasiliano ya seli

Katika mikutano ya afya hapa Lamu kuna swali lisilokosekana, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini: saratani ya mlango wa kizazi huambukizwa? Saratani yenyewe haiambukizwi. Kinachoambukizwa ni kirusi cha papiloma, yaani HPV, na wengi wetu, wake kwa waume, hukipata wakati fulani baada ya kuanza tendo la ndoa. Takriban watu tisa kati ya kumi miili yao hukiondoa ndani ya miaka miwili bila wao kujua. Kwa hiyo kuwa nacho si ushahidi wa uasherati, na wanaowasema hivyo wanawake wanawafukuza kliniki.

Tatizo huanza pale kirusi kinapokaa. Seli ya mwili haigawanyiki kwa kupenda kwake, hungoja hodi. Kemikali ya ukuaji hugusa kipokezi kilicho juu ya seli, ujumbe ukapokezanwa na protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini, ndipo jeni za kugawanyika zikaamka. Hodi ikikoma, kazi nayo hukoma.

HPV hakina vifaa vyote vya kunakili vinasaba vyake, hutegemea vya seli. Lakini huzaliana katika tabaka za juu za utando wa mlango wa kizazi, ambako seli zimekwisha kuacha kugawanyika. Hapo ndipo protini yake iitwayo E7 inapofanya kazi. Hujishikiza kwenye Rb, protini ya seli inayomzuia mwenzake, E2F, asiamshe jeni za kunakili vinasaba. Rb ikiondolewa njiani, E2F huachiliwa, na seli huanza kunakili ilhali hapana aliyebisha mlangoni. Vurugu ya namna hii kwa kawaida huamsha p53, protini inayosimamisha mgawanyiko au kuiamuru seli ijiue. Protini ya pili ya kirusi, E6, hushirikiana na kimeng'enya cha seli yenyewe kuitia p53 alama ya kuvunjwa.

Kirusi hakinufaiki na saratani. Kinataka kujinakili tu, na kina protini nyingine, E2, inayozipunguza kasi E6 na E7. Mara nyingine vinasaba vyake hukatika vikajichomeka ndani ya vinasaba vya mtu, na jeni ya E2 ikaharibika. E6 na E7 hubaki bila msimamizi, makosa ya vinasaba yakalimbikizana. Seli za HeLa, ambazo bado hukuzwa maabara, zilichukuliwa mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kule Baltimore, Marekani, nazo zina HPV ya aina ya 18. Hadi leo, miongo mingi baadaye, watafiti wakizima E6 na E7 ndani yake, seli hizo huacha kugawanyika.

Kirusi cha Epstein-Barr kina hila nyingine. Protini yake LMP1 hukaa kwenye utando wa seli za kinga ikijifanya kipokezi kilichokwisha kuguswa, na ujumbe wa kuishi na kuongezeka haukatiki. Ni kirusi hicho kinachohusishwa na uvimbe wa Burkitt, saratani inayovimbisha taya za watoto katika maeneo ya malaria, ingawa katika uvimbe huo hitilafu kubwa iko kwenye MYC, jeni ya seli yenyewe inayochochea mgawanyiko, si LMP1.

Kutoka maambukizi hadi saratani ya mlango wa kizazi huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10. Huo ni muda mrefu wa kuyaona mabadiliko na kuyatibu. Kwa mama anayetoka Faza au Kiunga kwa boti, napendelea uchunguzi wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, kwa sababu jibu hupatikana papo hapo na, inapofaa, tiba hutolewa siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze miaka 30, na 25 kwa wenye VVU.

Chanjo, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, imetengenezwa kwa protini ya gamba la kirusi, L1. Haina E6, haina E7, wala haina vinasaba vya kirusi; haiwezi kuleta saratani, na haigusi uwezo wa kuzaa. Huzuia kirusi kisiingie. Seli iliyokwisha kuvurugwa hutengeneza E6 na E7 bila kuonyesha gamba hilo, kwa hiyo chanjo haiitibu. Binti akishachanjwa, mama yake bado anahitaji kupimwa.