Bendera za bluu kwenye Proms: maneno ya mitandaoni na ukweli wenyewe

Kila mwaka ikifika Septemba, usiku wa mwisho wa Proms, ule msimu wa konsati za muziki wa klasiki unaoandaliwa na BBC, ugomvi unarudi palepale. Inatoka klipu ya Royal Albert Hall, London, watu wamesimama wanaimba kwa nguvu zote, na katikati ya bendera za Uingereza kuna bendera kibao za bluu zenye nyota za Umoja wa Ulaya, basi hapo ndo moto unawaka. Huyu anataka BBC ichunguzwe, yule anashangilia kama vile Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, imefutwa, na sisi huku tunashea klipu na maelezo ambayo mengi hayana ukweli. Mimi huu muziki naupenda sana na inaniuma watu wanavyoujua kwa ugomvi tu, kwa hiyo ngoja niyapitie yale ninayokutana nayo mara nyingi.

"Proms ni sherehe ya uzalendo tangu enzi na enzi"

Hapana. Proms ilianza tarehe 10 Agosti 1895 pale Queen's Hall. Mwandaaji alikuwa Robert Newman, kiongozi wa okestra Henry Wood, na nia yao ilikuwa watu wa kipato cha kawaida wasikie muziki mkubwa kwa bei ndogo, wasimame tu au watembeetembee ukumbini. BBC iliichukua 1927, na Queen's Hall ulipopigwa mabomu na Wajerumani Mei 1941 ndo wakahamia Royal Albert Hall. Msimu mzima ni wiki nane na konsati zaidi ya 70, na karibu zote hizo hutaona hata bendera moja. Nyimbo za kizalendo ambazo watu hupeperushia bendera ziko usiku wa mwisho, tena kipindi cha pili tu. Ni kweli Henry Wood aliunganisha nyimbo za mabaharia wa Uingereza, zile za usiku huo, mwaka 1905, miaka 100 baada ya vita vya baharini vya Trafalgar, lakini utaratibu mnaouona leo, wimbo gani unafuata wimbo gani, ulikaa sawa chini ya kiongozi wa okestra Malcolm Sargent miaka ya 50 mwanzoni, TV ikiwa imeshaanza kurusha. Kuna wazee wako hai leo ambao ni wakubwa kuliko huo utaratibu.

"Zamani ilikuwa Union Jack (bendera ya Uingereza) tupu, hizi nyingine zimeletwa na siasa"

Angalia rekodi za zamani utaona watu wana bendera za Wales, Scotland, Ujerumani, Japani, Australia, kila mtu na ya kwao. Na usiku ule ni wa vituko kwa desturi: ikifika selo, chombo cha nyuzi kama fidla kubwa, inapiga ule wimbo wa huzuni wa Tom Bowling watu wanatoa leso wanajifanya wanalia, halafu kwenye ngoma ya mabaharia wanapiga makofi wakijaribu kuikimbiza okestra, huku honi za kuchezea zinalia. Waimbaji nao wanaingia humohumo. Mwaka 2008 Bryn Terfel wa Wales aliimba ubeti wa Rule, Britannia!, wimbo wa kizalendo wa Britannia (yaani Uingereza) kutawala mawimbi, kwa Kiwelisi, 2016 Juan Diego Flórez wa Peru akatokea amevaa kama mfalme wa Inka, 2019 Mmarekani Jamie Barton akapeperusha bendera ya upinde wa mvua katikati ya wimbo huohuo.

"BBC ndo inagawa bendera za Umoja wa Ulaya"

Hii ndo nimeisoma zaidi kuliko zote. BBC inaandaa Proms, sawa, lakini bendera zinaingia na watu mikononi mwao. Baada ya kura ya Brexit ya tarehe 23 Juni 2016, wanaharakati walichangisha hela kwa umma, wakanunua bendera, wakasimama nje ya milango ya ukumbi kuzigawa bure kwa anayetaka. Mwaka huohuo upande wa pili nao ukatangaza kugawa Union Jack. Anayepokea anapokea, anayekataa anapita, na wapo wanaoingia na zote mbili. Mwaka 2023 za bluu zilionekana nyingi sana na malalamiko yakaenda mpaka kwa wanasiasa, lakini ukumbi ule unaingiza watu zaidi ya 5,000, sasa kamera iangalie wapi?

Halafu ile bendera yenyewe siyo ya Umoja wa Ulaya peke yake. Ilipitishwa kwanza na Baraza la Ulaya mwaka 1955, chombo tofauti kabisa, ambacho mkataba wake wa kukianzisha ulisainiwa London 1949 na Uingereza bado ni mwanachama mpaka leo. Na wimbo wa Umoja wa Ulaya ni muziki wa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, simfoni iliyoagizwa na Philharmonic Society ya London kwa pauni 50! Anayesema hivi vitu viwili havina uhusiano na Uingereza hajafuatilia.

"Mwaka 2020 BBC ilipiga marufuku Rule, Britannia!"

Haikupiga marufuku. Agosti 2020 gazeti liliandika kwamba kuna mjadala wa kuuondoa, BBC ikajibu kwamba utapigwa na okestra bila maneno, maana ilikuwa Covid, ukumbi hauna watazamaji na kwaya kubwa haiwezekani. Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, akaja juu, akasema watu waache kuionea aibu historia yao. Tarehe 2 Septemba, siku ya pili ya Tim Davie kama mkurugenzi mkuu wa BBC, ikabadilisha na kusema maneno yataimbwa na waimbaji wachache, na tarehe 12 yakaimbwa kweli. Aliyeumia ni Dalia Stasevska, Mfini aliyezaliwa Kyiv, aliyekuwa anaongoza okestra usiku ule. Alitukanwa vibaya mtandaoni kana kwamba uamuzi ni wake, mpaka BBC ikabidi itoke kusema uamuzi ulikuwa wa BBC. Hilo kwangu ni dhuluma, na waliomtukana sijaona wakiomba radhi.

"Wanaoukataa ule wimbo wanachukia nchi" na "ule wimbo uliandikwa kusifu utumwa"

Nazijibu pamoja maana zote mbili zinakosea. Wimbo ni wa 1740, maneno ya James Thomson, ambaye ni Mskoti, muziki wa Thomas Arne, ukiwa sehemu ya mchezo wa jukwaani kuhusu mfalme Alfred. Unasifu uhuru wa Waingereza dhidi ya watawala wa mabavu na unasema hawatakuwa watumwa kamwe. Biashara ya watumwa haitajwi. Lakini nchi iliyokuwa inauimba ilikuwa imezama kwenye biashara hiyohiyo, na haikuipiga marufuku mpaka 1807. Kwa hiyo mtu mweusi akisikia mstari ule akanywea, ana haki yake kabisa. Sheku Kanneh-Mason, yule kijana wa selo aliyepiga usiku wa mwisho 2023, alisema Januari 2024 kwamba ule wimbo haufai kuwepo na kwamba kuna nyimbo nyingi nzuri za asili za Uingereza za kuweka badala yake. Hilo ni pendekezo la mtu anayependa muziki wa nchi yake, na alichoambulia ni matusi ya ubaguzi.

Na kwetu pwani hii habari ya Britannia kutawala mawimbi tunaijua pande zote mbili. Manowari za Uingereza ndo zilizomtisha Sultan Barghash mpaka soko la watumwa Zanzibar likafungwa 1873, hilo lilifanyika na lisifichwe. Manowari hizohizo tarehe 27 Agosti 1896 zilipiga kasri ya Zanzibar kwa dakika kama 40 hivi, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Proms ilikuwa na mwaka mmoja tu. Anayetaka kuzungumzia ule wimbo azungumzie yote.

"Konsati ya klasiki haina siasa"

Tarehe 21 Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viko Prague, na jioni hiyo okestra ya Kisovieti iko Proms na mpiga selo Rostropovich, inapiga nini? Konseto ya selo ya Dvořák, Mcheki, mtu wa nchi hiyohiyo iliyovamiwa! Watu walizomea mwanzoni, na yeye akapiga machozi yakimtoka. Mwaka 1990 Mark Elder aliondolewa kuongoza usiku wa mwisho kwa sababu alisema kama vita vya Ghuba vitaanza zile nyimbo za kizalendo hazitafaa. Mwaka 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, programu ilibadilishwa, nyimbo za mabaharia zikatolewa. Siasa imekuwa humo siku zote.

"Wenye bendera za bluu wanataka kupindua kura basi"

Wapo wanaotamani kurudi Ulaya, wala hawafichi. Ila dai lao kubwa wanalolirudia kila mwaka ni la wanamuziki. Tangu 2021 mwanamuziki Mwingereza ana siku 90 tu ndani ya kila siku 180 kwenye nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na kila nchi ina masharti yake ya kibali cha kazi. Vyombo vinavyosafirishwa kama mzigo vinahitaji hati ya forodha inayoorodhesha kimoja kimoja, upinde wa zamani wa fidla wenye kipande cha pembe ya ndovu unataka kibali chake. Lori kubwa la okestra lililosajiliwa Uingereza lina kikomo cha vituo linavyoruhusiwa kushusha mzigo barani kabla ya kurudi. Okestra ya Vijana ya Umoja wa Ulaya, iliyokuwa na makao London tangu miaka ya 70, ilihamia Italia. Kijana wa London anayetoka chuo cha muziki leo akiitwa ghafla kuziba nafasi kwenye okestra ya Ulaya, kwanza aulizie kibali, na mara nyingi kabla hajajibiwa nafasi imeshapewa mwenye pasipoti ya Ulaya.