Mwewe wa mvua ya kwanza hawakuja kwa ajili ya kuku wako

Mvua ya kwanza ikinyesha Lubumbashi, kumbikumbi hutoka vichuguuni, watoto wa Katuba hukimbia na mabeseni, na juu angani ndege wakubwa huanza kuzunguka. Jirani yangu hukusanya vifaranga vyake mbio: "Baba, funga mlango, wezi wamerudi!" Mama yule namheshimu sana, lakini ndege wengi kati ya wale anawasingizia.

Dhana: Wote ni mwewe, na wamefuata kuku.

Ukweli: Mwewe wamo, na kifaranga akizubaa huchukuliwa. Lakini mtazame mdomo. Mwenye mdomo wa njano ni wa Afrika hapahapa. Mwenye mdomo mweusi, kama si mchanga, kwa kawaida ametoka Ulaya au Asia, akikimbia baridi. Pamoja nao hufika tai wadogo wa madoadoa, ambao huzaliana katika misitu ya nchi kama Poland na Latvia. Nilimwona mmoja ametua kando ya kichuguu: tai mzima, kucha kama ndoana, akitembea kwa miguu na kudonoa kumbikumbi mmoja mmoja. Kuku walikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Hakuwageukia.

Dhana: Ndege wa angani hawahesabiki, utamhesabu yuleyule mara kumi.

Ukweli: Wanahesabika, na kinachosaidia ni namna wanavyoruka. Ndege hawa wazito hawapigi mbawa safari nzima. Hutafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, huizunguka hadi juu sana, kisha hunyoosha mbawa na kuteleza hadi penye hewa nyingine kama hiyo. Juu ya maji mapana hewa hiyo ni haba, kwa hiyo wengi huzunguka bahari na kubanwa kwenye vichochoro vichache. Kimojawapo ni Batumi, nchini Georgia, kati ya milima ya Kaukazi na Bahari Nyeusi. Tangu 2008 watu hukaa huko vilimani na darubini kila Agosti hadi Oktoba, na hesabu ya msimu mmoja huweza kupita ndege milioni moja. Wanapozunguka hawahesabiwi, maana hapo ndipo utachanganya. Mhesabu husubiri watoke kwa mstari, na kumhesabu kila anayevuka mstari wa kuwaziwa kati ya alama mbili. Kundi likiwa kubwa, huhesabu kumikumi.

Dhana: Lengo ni kujua jumla ya ndege wote duniani.

Ukweli: Hapana. Wengine hupita usiku, wengine juu kupita macho. Kinachotafutwa ni mabadiliko: mahali palepale, saa zilezile, mwaka hadi mwaka. Huko Hawk Mountain, mlima wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, wawindaji walikuwa wakiwapiga ndege hawa risasi hadi Rosalie Edge, mwanamke mtetezi wa ndege, alipopalinda mahali hapo mwaka 1934, na hesabu ikaanza. Baadaye daftari zao zilionyesha tai wachanga wanapungua, ikawa sehemu ya ushahidi dhidi ya dawa ya kuua wadudu ya DDT, ambayo Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972.

Nawe unaweza kuanza uani kwako kwa daftari la shule. Chagua kiti kimoja na saa moja, tuseme saa tisa hadi saa kumi. Andika tarehe, mvua, rangi ya mdomo ukiiona. Siku usipoona ndege hata mmoja, andika sifuri. Ukiacha wazi, mwakani hutajua kama ndege hawakuja au wewe hukukaa.