Miadi ya hospitali ni siri ya mgonjwa, hata asiyeona

Ninakagua tovuti na mifumo ya huduma hapa Mbeya, kuona kama mtu mwenye ulemavu anaweza kuitumia peke yake. Hilo la peke yake ndilo linalonigombanisha na watengenezaji. Nikiwauliza asiyeona ataweka vipi miadi ya kliniki kwenye mfumo wao, jibu huwa tayari: atasaidiwa na ndugu yake.

Atasaidiwa kweli, msaada huku haukosekani. Lakini ukishampa mpwa wako simu akuchagulie kliniki, umeshamwambia unaumwa nini. Afya ya akili, uzazi, tiba na matunzo ya VVU: jina la kliniki tu linatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sasa mfumo unaomlazimisha mgonjwa kuzitoa kwa jirani au dereva wa bajaji ili apate tarehe, unazilinda vipi?

Nilikaa na mama mmoja wa Uyole, haoni kabisa, anatumia simu ya Android yenye kisoma skrini cha TalkBack, programu inayotamka kilichoandikwa kwenye kioo. Tulifungua tovuti ya miadi ya kituo kimoja cha afya. Ukurasa ulikuwa wa Kiswahili, lakini ndani ya msimbo ulitambulishwa kuwa wa Kiingereza, kwa hiyo sauti ilisoma "Chagua kliniki" kama Mzungu aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Songwe. Mama akalazimika kubahatisha maneno. Dawa yake ni kuandika lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa, kazi ya nusu dakika.

Tukafika kwenye kalenda. Kila alipopitisha kidole, simu ilitamka "kumi na moja, kitufe", "kumi na mbili, kitufe". Mwezi haikutaja, wala siku ya juma, wala kama nafasi ipo. Siku zilizojaa zilipakwa rangi nyekundu, na rangi haisikiki. Akagusa mara mbili siku iliyojaa, pakawa kimya. Akagusa tena, kimya. Mwishowe akaninyooshea simu: "Mwanangu, hebu nichagulie wewe." Kabla ya hapo hakuwa ameniambia anataka kliniki gani, na hakuwa na sababu ya kuniambia.

Ushauri wangu kuhusu kalenda hizo ni mkali: ziondoeni. Mgonjwa haji kutazama mwezi mzima, anataka siku zenye nafasi. Mpeni orodha yake kwa maandishi kamili, kila mstari ukiwa kitufe halisi cha HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za tovuti: "Jumanne, 11 Novemba, saa 3 asubuhi, nafasi ipo". Akigusa, sauti imwambie kilichotokea. Na tafadhali, saa iandikwe hivyo hivyo, ya asubuhi au ya alasiri. Mfumo ukiandika 09:00, mtu wa Tukuyu anasikia saa tisa, anapanda Coaster ya mchana, anamkuta daktari ameshaondoka.

Baya lingine ni namba ya uthibitisho inayoisha muda baada ya dakika moja. Asiyeona anatoka kwenye kivinjari, anafungua ujumbe, anasikiliza tarakimu moja moja, anarudi, anatafuta kisanduku. Muda umekwisha. Anayetetemeka mikono hali yake ni hiyo hiyo. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani wa kuwezesha wenye ulemavu kutumia tovuti, uitwao WCAG, unataka mtumiaji aweze kuongeza muda, na toleo lake la 2.2 la Oktoba 2023 linataka kuingia kwenye mfumo kusitegemee kukariri au kufumbua mafumbo bila njia nyingine. Ruhusuni namba inakiliwe na kubandikwa.

Kwa wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki, sembuse juani pale stendi. Utofauti wa rangi ya maandishi na ya nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1, na msifunge uwezo wa kukuza ukurasa.

Viziwi nao huishia kwenye sentensi moja: "Tutakupigia simu kuthibitisha." Tumeni SMS. Kisha wekeni swali kwenye fomu: unahitaji mkalimani wa lugha ya alama? Liulizwe wakati wa kuweka miadi, kwa sababu mkalimani hapatikani kwa kuitwa mlangoni. Asipokuwepo, anayetafsiri mbele ya daktari ni binti wa mgonjwa, na siri imetoka tena. Anayetumia kiti cha magurudumu naye aambiwe mapema kama kliniki iko ghorofani na kama kuna njia isiyo na ngazi. Kwa miinuko ya mji wetu, hilo linaamua kama atafika.

Kuna programu zinazokagua ufikivu zenyewe, na ninazitumia. Zinakamata kisanduku kisicho na lebo au rangi iliyofifia. Haziwezi kukuambia kama mtu ameelewa. Kwa hiyo watengenezaji nawaomba wawashe TalkBack, kwenye simu nyingi ni kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache, wafunike kioo, wajaribu kuweka miadi. Baada ya hapo waitwe wenye ulemavu wenyewe, kupitia vyama kama CHAVITA, chama cha viziwi, na Chama cha Wasioona Tanzania, na walipwe nauli na muda wao kama mtaalamu mwingine yeyote.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja hadi intaneti. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu. Kinachokosekana mara nyingi ni mstari mmoja kwenye mkataba wa zabuni, na ninaomba kila mganga mkuu na ofisa manunuzi wa huku nyanda za juu auweke: malipo ya mwisho yatatolewa baada ya mtu asiyeona kuweka miadi, kuibadilisha na kuifuta, kwa simu yake mwenyewe, bila mtu kumshikia.