Kwa nini mwenye hofu huhisi anakosa hewa ilhali anayo tele?

Mtu anasubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, midomo inachomachoma, kichwa kinazunguka. Walio karibu wanampepea, wanamlegezea tai na kumhimiza avute pumzi ndefu, kwa kuwa wanaamini hewa imemwishia.

Haijamwishia. Mvalishe kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni kilichoenea wakati wa korona, na kwa kawaida kitasoma juu ya asilimia 95, sawa na mtu mwenye afya. Alichopungukiwa ni hewa ukaa, ile tuliyofundishwa shuleni kuwa ni taka ya kutolewa nje. Hofu huuandaa mwili kukimbia au kupigana, na sehemu ya maandalizi ni kuhema haraka. Anayekimbia kweli hutengeneza hewa ukaa nyingi misulini, kwa hiyo hesabu inalingana. Aliyeketi mapokezi hatengenezi ya ziada, lakini anaitoa vilevile.

Na hewa ukaa ina kazi kubwa. Chukulia damu kuwa msafara wa malori yanayopeleka mahindi sokoni: mahindi ni oksijeni, soko ni ubongo. Hewa ukaa ndiyo inayoiacha barabara iwe pana, maana ikipungua mishipa ya damu ya ubongo husinyaa. Ndiyo pia inayowaruhusu makuli kushusha magunia. Mwaka 1904 Christian Bohr na wenzake, huko Copenhagen, walionyesha kwamba hewa ukaa ikipungua, damu huing'ang'ania oksijeni yake. Basi malori yamejaa pomoni, yamepanga foleni kwenye njia nyembamba, na mzigo haushuki inavyotakiwa. Pumzi ndefu za harakaharaka hapo hazina gunia la kuongeza. Zinazidi tu kuibana barabara.

Ganzi nayo ina chanzo hichohicho. Hewa ukaa ikitoka kupita kiasi, asidi ya damu hupungua, kalsiamu iliyo huru hunaswa na protini, na neva huanza kufyatuka zenyewe. Ikizidi, viganja hujikunja na kukakamaa, na hapo ndipo wengine hudhani ni kifafa au mapepo.

Kinachosaidia ni kupunguza pumzi: vuta kidogo kwa pua, kisha toa taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, kama pumzi sita kwa dakika. Ila tusiutukuze mno utaratibu huu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2023, waliofanya mazoezi ya kutoa pumzi ndefu dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja walichangamka zaidi ya waliofanya tafakuri, lakini wasiwasi ulipungua kwa makundi yote bila tofauti ya maana. Tena wasiwasi unaokaa wiki nzima, unaokunyima usingizi na hamu ya kula, hauondoki kwa pumzi peke yake. Huo unahitaji mshauri au daktari.

Mfuko wa karatasi, ambao wengine hupumulia ndani yake ili kuirudisha hewa ukaa, uache kabisa. Pumu, nimonia na mshtuko wa moyo navyo humfanya mtu aheme, na mgonjwa wa namna hiyo huenda oksijeni imempungukia kweli, kwa hiyo mfuko unaweza kumuua. Anayepatwa na hali hii kwa mara ya kwanza, au mwenye maumivu ya kifua, apelekwe hospitali akapimwe.