Mfumo wa kuzuia makosa hospitalini ndo nini?

Nesi akikosea dawa wengi wetu tunasema hakuwa makini, afukuzwe. Mi naona tunaanzia pabaya. Mfumo wa kuzuia makosa ni kukitengeneza kifaa au utaratibu wa kazi kiasi kwamba mtu hata akiwa kachoka, yuko zamu ya usiku peke yake na foleni imefika mlangoni, lile kosa lenyewe linamgomea.

Nenda kliniki siku ya chanjo, iwe Mikindani, Newala au Nachingwea, angalia lile bomba la sindano. Nesi akishasukuma dawa mpaka mwisho linajifunga, halivutiki tena, kwa hiyo hata kina mama wakiwa wamejaa kwenye benchi na watoto wanalia, hakuna namna ya kumchoma mtoto wa pili kwa bomba lilelile. Zamani enzi za mabomba ya vioo ilibidi mtu akumbuke kuchemsha.

Ninayoipenda zaidi iko kwenye kichupa cha chanjo. Kuna kaduara, ndani yake kamraba keupe, joto likizidi kale kamraba kanakuwa keusi kidogo kidogo na hakarudi nyuma, kakishafanana rangi na duara chanjo inatupwa. Chanjo ya polio ilianza kuwekewa hiyo alama 1996. Sasa fikiria kichupa kimetoka Lindi mjini, kikapanda bodaboda kwenye boksi la barafu mpaka zahanati ya huko Liwale ndani, na jua la mwezi wa 11 unalijua, nani angejua kama barafu iliyeyuka njiani? Kwa macho, chanjo nzima na iliyoharibika zinaweza kufanana kabisa.

Kuna na karatasi ya maswali 19 ya chumba cha upasuaji, jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa na kadhalika. Hii inategemea watu waisome kweli, ila ilipojaribiwa kwenye hospitali 8 duniani, mojawapo ya Ifakara hapa kwetu Tanzania, matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Wakati mwingine ni kuondoa kitu tu. Kloridi ya potasiamu, dawa ya kumwongezea mgonjwa madini ya potasiamu, ambayo haijachanganywa ikiingia kwenye mshipa moja kwa moja inaweza kusimamisha moyo, na kichupa chake kinaweza kufanana na cha maji ya kuchanganyia dawa. Ndo maana hospitali nyingi duniani zimeitoa wodini ikae famasi, nesi wa saa tisa usiku akipeleka mkono kabatini, haipo.