Maji ya Mwambani: Sayansi Inaeleza Muujiza au Inauandika Upya?

Kazi yangu ni kutafuta maji chini ya ardhi, na mkoa ninaoufanyia kazi ni huu wa Dodoma, ambako mvua huja Desemba na kuaga Aprili, na miezi iliyobaki mito huwa mchanga mtupu. Ndiyo maana kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana kanisani, swali ni lile lile: maji aliyoyatoa Musa mwambani, si chemchemi ya kawaida tu? Likishaulizwa hilo, yanafuata ya bahari, ya Yordani na ya giza la Kalvari. Wengi wao wanasoma sayansi vyuoni, na hawaulizi kwa ubishi. Wanataka kujua kama wanachofundishwa darasani kitawanyang'anya walichorithi kanisani. Nawajibu hapa kwa kirefu, kwa sababu "amini tu" haiwatoshi, na "sayansi imeshaeleza yote" si kweli.

Nianze na mwamba, maana huo naujua. Ganiti, jiwe gumu la vilima vya Dodoma, ukiitazama utaapa haina hata tone. Lakini maji ambayo jiji hili limeyategemea kwa miongo mingi yanatoka katika ganiti hiyo hiyo, kwenye visima vya bonde la Makutupora, kaskazini ya jiji. Hayakai ndani ya jiwe zima. Yanakaa kwenye mipasuko, na kwenye tabaka la juu ambalo limeoza polepole hadi likawa kama kokoto na mchanga. Kina cha maji ya Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu 1955, rekodi ambayo ni miongoni mwa ndefu kabisa katika nchi za joto. Inaonyesha kwamba maji hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, huyapandisha kwa mkupuo. Kwa hiyo anayetoboa penye mpasuko anaweza kupata maji ya kijiji kizima. Akisogea hatua chache kando, mashine inatoa vumbi.

Sinai nayo ina ganiti upande wa kusini, na mawe ya chokaa na ya mchanga upande wa kaskazini. Mwingereza C. S. Jarvis, aliyekuwa gavana wa Sinai miaka ya 1920 na 1930, aliandika kuhusu askari wa kikosi cha ngamia waliokuwa wakichimba chini ya mwamba wa chokaa uliokuwa ukivuja maji kidogo. Pigo moja la chepe la mmoja wao likagonga uso wa mwamba, gamba gumu la nje likabanduka, na maji yakatoka kwa nguvu. Wenzake, anasema Jarvis, wakashangilia na kutaja jina la Musa. Mimi sina shaka kwamba jambo la namna hiyo linaweza kutokea.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo mimi huanza kuuliza maswali ninayouliza kila ninaposhika kumbukumbu za kisima: wapi, kiasi gani, lini. Tuchukue kiasi. Kutoka 12:37 inataja wanaume wapatao 600,000, mbali na watoto. Wasomi wengi wa Agano la Kale wanaisoma idadi hiyo kwa tahadhari, lakini tuipime kama ilivyoandikwa. Mpe kila mwanamume lita tatu za kunywa kwa siku, basi. Hizo ni lita 1,800,000, yaani karibu lita 21 kila sekunde, usiku na mchana, kabla hujahesabu wanawake, watoto, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ufa uliobanduka gamba unaweza kuokoa maisha ya kikosi cha askari. Hauwezi kunywesha umati huo. Anayesema "ilikuwa chemchemi tu" inambidi aseme pia kwamba watu walikuwa wachache sana, na akishasema hivyo anaeleza kisa kingine, si kile kilichoandikwa.

Hilo ndilo ninalotaka vijana walione. Kuna maelezo yanayoeleza kisa, na kuna maelezo yanayokibadilisha kwanza ili yapate kukieleza. Hayo mawili hayalingani uzito.

Mana ni mfano mzuri wa maelezo yanayofika nusu ya njia. Mwaka 1927 mtaalamu wa wadudu F. S. Bodenheimer alikwenda Sinai na kuthibitisha kwamba wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti uitwao tamariski hutoa matone matamu, ambayo hewa kavu huyagandisha yakawa chembe nyeupe. Wenyeji wa jangwani huziokota asubuhi, jua na sisimizi hawajaziwahi. Utamu upo, asubuhi ipo, jangwa lipo. Lakini zao hilo ni dogo mno na ni la msimu, ilhali Kutoka 16 inasimulia chakula cha taifa kwa miaka 40, maradufu siku ya sita na hakuna kabisa siku ya saba. Hakuna tabia ya mdudu yeyote inayoweza kueleza siku ya saba. Kware wa Hesabu 11 hawasumbui hivyo: ndege hao kweli huvuka Bahari ya Kati kila mwaka na kuanguka Sinai wakiwa hoi, na Biblia yenyewe inasema upepo ndio uliowaleta.

Upepo huo unatufikisha baharini. Watu wanasahau kwamba Kutoka 14:21 inataja chombo kilichotumika: upepo wa nguvu utokao mashariki, uliovuma usiku kucha. Mwandishi hakuona aibu kuutaja. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Carl Drews na Weiqing Han, waliweka kwenye kompyuta umbo la kale la ziwa moja la mashariki ya delta ya Nile, kisha wakavumisha upepo wa mashariki wa mita 28 kwa sekunde, yaani kilomita 100 kwa saa, kwa saa 12. Maji yakarudi nyuma na njia ya tope ikafunguka kwa saa nne, ikiwa na maji pande zote mbili. Fizikia yake ni halali. Hata mwaka 1882 afisa wa Kiingereza, Alexander Tulloch, alishuhudia upepo ukisukuma maji ya ziwa Manzala mbali na ufuko wake. Ila kompyuta inasema linawezekana. Haisemi lilitokea, wala usiku gani, wala kwa ajili ya nani. Mchungaji anayeshika utafiti huo mimbarani na kutangaza kwamba sayansi imethibitisha Biblia anaubebesha mzigo usio wake.

Yordani ndiyo inayonivutia kuliko yote, maana ni hesabu ya mto. Yoshua 3 inasema maji yalisimama mbali, huko Adamu. Mahali hapo panadhaniwa kuwa Damiya ya leo, karibu kilomita 30 kaskazini ya Yeriko, ambapo mto unapita kati ya kingo ndefu za udongo laini. Mwanahistoria wa Kiarabu al-Nuwayri aliandika kwamba mwaka 1267, wakati Sultani Baibars akishughulikia daraja la Damiya, kingo ziliporomoka na mto ukakauka kwa saa kadhaa. Baada ya tetemeko la Julai 1927 zikatolewa habari kwamba mto ulizibwa tena, ingawa watafiti wa baadaye walizitilia shaka. Biblia inaongeza kwamba mto ulikuwa umefurika, majira ya mavuno. Wengine wanadhani jambo hilo linapinga maporomoko. Kinyume chake, mafuriko ndiyo yanayokula mguu wa kingo na kuziangusha.

Sasa pima muda. Maji yakitembea mita moja kwa sekunde, kilomita 30 ni zaidi ya saa nane, na Yordani hujipinda sana, kwa hiyo safari halisi ni ndefu zaidi. Kama mto ulizibwa Adamu, ulizibwa muda mrefu kabla ya makuhani kufika ukingoni, pengine usiku wa kuamkia siku hiyo. Hakuna aliyekuwa Yeriko ambaye angeweza kujua. Bado maandiko yanasema maji yalikatika nyayo za makuhani zilipogusa ukingo. Basi hata ukikubali maporomoko yote, umebakiwa na saa. Muujiza umehama kutoka kwenye udongo ukaenda kwenye wakati, na kuhusu wakati huo elimu yangu ya mito haina neno. Anayeamini anaona mkono wa Mungu, asiyeamini anaona bahati au masimulizi yaliyopambwa, na wote wawili wanatazama udongo ule ule.

Agano Jipya ni gumu zaidi kwa njia hii. Mwaka 2006 mtafiti Doron Nof alipendekeza kwamba zamani za baridi kali, vipande vya barafu viliweza kuganda kwenye Bahari ya Galilaya, na mtu akasimama juu yake akaonekana anatembea majini. Soma Marko 6: makutano waliketi kwenye majani mabichi, na Yohana anasema Pasaka ilikuwa karibu, yaani majira ya kuchipua. Wanafunzi walikuwa wakitaabika kuvuta makasia kwa sababu upepo uliwapinga. Barafu katika majira hayo, kwenye mawimbi hayo, haipo.

Giza la Kalvari wengi wanalieleza kwa kupatwa kwa jua. Haiwezekani, na si jambo la imani. Pasaka huangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa mwezi mwandamo tu. Sextus Julius Africanus, Mkristo wa karne ya tatu, alishaliona hilo. Tena kupatwa kikamilifu hakufiki dakika nane mahali pamoja, na Injili zinataja saa tatu. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 wanakumbuka jua lilivyopatwa likabaki pete, na pete ile ilidumu dakika chache tu, na usiku haukuingia. Wingu zito la vumbi la jangwani lingefaa zaidi kama maelezo, lakini hakuna Injili inayotaja vumbi.

Mwanateolojia Mjerumani Heinrich Paulus, karne ya 19, alikwenda mbali kuliko wote kwa kudai kwamba mikate mitano ilitosha kwa sababu matajiri walihamasika wakatoa vyakula walivyokuwa wameficha, na Yesu alitembea ufukweni, si majini. Nasikia mahubiri ya mikate namna hiyo hata Dodoma, na wasemaji wanadhani wanaitetea Injili. Aliyemkosoa Paulus vikali, David Friedrich Strauss, mwaka 1835, hakuwa mtetezi wa miujiza hata kidogo. Aliona tu kwamba Paulus anabakiza tukio ambalo mwandishi hakulisimulia na kulitupa lile alilolisimulia. Katika hilo nakubaliana na Strauss kabisa. Ni afadhali mtu aseme wazi kwamba haamini kuliko kumlisha Marko maneno.

Ufufuo nao hauna upepo wala maporomoko. Dhana kwamba Yesu alizimia tu msalabani inahitaji askari wa Kirumi wasiojua kazi yao, na inahitaji majeruhi nusu mfu awashawishi wanafunzi kwamba ameshinda mauti. Strauss huyo huyo aliikataa kwa sababu hiyo. Paulo katika 1 Wakorintho 15 hadai kwamba maumbile yana njia iliyofichika ya kufufua wafu. Anadai Mungu alifanya kile ambacho maumbile hayafanyi, kisha anawataja walioona: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai alipoandika, Yakobo, naye mwenyewe. Anawaelekeza Wakorintho kwa mashahidi, na swali la shahidi hujibiwa kwa kumpima shahidi: nani aliona, alisema nini, lini, na alipata hasara gani kwa kusema. Huko ndiko ninakowapeleka vijana wakiniuliza kuhusu kaburi.